Shandelia ya kilo 31 kwenye dari ya jipsam: uchambuzi wa kisa kimoja

Malalamiko yalikuwa ya umeme. Shandelia mpya ya kristali, ile taa ya mikono mingi inayoning'inia darini, juu ya meza ya chumba cha kulia ilikuwa ikipepesa kila mlango wa chumba cha ghorofani unapobamizwa. Balbu 3 za upande mmoja zilikuwa zimezima moja kwa moja. Usiku, swichi ikiwa imezimwa, zile nyingine zilibaki na mwanga hafifu unaoonekana gizani tu. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua balbu mpya, ameshabadilisha swichi, na hali ilikuwa ile ile. Alichotaka sasa ni fundi wa kupitisha waya upya.

Yalikuwepo mambo mengine mawili ambayo aliyataja mwishoni kabisa, kwa kuwa aliyaona ni kazi ya fundi rangi. Dari ya jipsam ilikuwa imepata ufa mwembamba kuzunguka kile kikombe kinachoficha maungio ya juu, na shandelia ilikuwa imeinama kidogo kuelekea dirishani. "Fundi, huo ufa usikuhangaishe, tutapaka rangi," alisema mama mwenye nyumba. Kumbe ufa ndio uliokuwa unaeleza karibu kila kitu.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona kazi nyingi za shandelia zikianzia mahali pasipo. Watu hufungua katoni, hushangilia kristali, huunganisha waya, kisha mwishoni ndipo wanauliza itaning'inia wapi. Shandelia ni mzigo kwanza, taa baadaye. Kila kilo iliyomo ndani yake lazima iwe na njia inayojulikana: kutoka kwenye kristali kwenda kwenye mkono, kwenye nguzo ya kati, kwenye mnyororo, kwenye ndoano, mpaka kwenye zege au boriti. Njia hiyo ikikatika mahali pamoja, uzito hautoweki. Unahamia kwenye kitu kingine ambacho hakikutengenezwa kuubeba. Katika nyumba hii ulihamia kwenye waya wa umeme.

Taa yenyewe na uzito wake

Ilikuwa shandelia ya mikono 12, mikono 8 chini na 4 juu, fremu ya chuma iliyopakwa kromu. Upana wake sentimita 80, urefu wa mwili sentimita 75. Kila mkono una kisahani cha kioo chini ya holda ya balbu, na kutoka kwenye visahani zinashuka kristali za umbo la tone. Minyororo ya kristali ndogo za pembe nane inatoka kwenye taji la juu mpaka kwenye mikono, na chini kabisa kuna mpira wa kristali.

Kwa chumba hicho ukubwa ulikuwa sahihi. Kanuni inayotumiwa sana ni kujumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, na jumla hiyo ikawa upana wa taa kwa inchi. Kwa mita, kila mita 1 ya jumla inakupa takriban sentimita 8. Chumba kilikuwa mita 4.5 kwa 5.5, jumla 10, kwa hiyo sentimita 80 hadi 83. Aliyeichagua alikuwa na jicho zuri, na nilimwambia hivyo, maana alikuwa ameanza kudhani kosa lake ni kununua taa kubwa mno.

Tatizo lilikuwa kwenye namba nyingine. Katoni ya fremu ilikuwa imeandikwa kilo 14, na namba hiyo ndiyo aliyoitegemea fundi wa kwanza, yule aliyeifunga taa. Kristali na visahani vilikuja kwenye katoni ya pili ambayo haikuandikwa chochote. Tulipoishusha taa yote tulipima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu: mtu anapanda akiwa mikono mitupu, kisha anapanda tena akiwa amebeba katoni, tunatoa. Fremu kweli ilikuwa 14. Kristali na vioo vilikuwa 17. Mzigo halisi ulikuwa kilo 31, zaidi ya mara mbili ya ule uliodhaniwa.

Jicho hudanganyika kirahisi hapa kwa sababu kioo kinaonekana chepesi. Sentimita 1 ya ujazo ya kioo cha kawaida ina gramu 2.5 hivi. Kristali yenye madini ya risasi ni nzito zaidi, hufika gramu 3 na kupita. Kioo cha namna hiyo kilipata hataza Uingereza mwaka 1674, mikononi mwa George Ravenscroft, na sheria ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya (sasa Umoja wa Ulaya) ya mwaka 1969 iliweka kiwango cha asilimia 24 ya oksidi ya risasi kabla kioo hakijaruhusiwa kuuzwa kama kristali ya risasi. Siku hizi shandelia nyingi hutumia kioo kisicho na risasi. Kwa hiyo taa mbili zinazofanana kwa picha zinaweza kupishana kilo kadhaa. Ipime yako mwenyewe, katoni zote, pamoja na balbu na mnyororo.

Tulichokikuta juu ya jipsam

Kabla ya kugusa chochote tulizima swichi kuu, tukajaribu kwa testa kwenye holda na kwenye maungio, si kwenye swichi ya ukutani tu. Hatua hiyo iliokoa mtu, na nitaeleza kwa nini baadaye. Tulivua kristali zote taa ikiwa bado juu, huku meza imesogezwa na godoro limetandikwa chini, na mtu mwingine ameishika fremu kwa chini. Fremu tupu ya kilo 14 inashushwa na watu wawili bila wasiwasi. Ikiwa imevaa kristali zote, usijaribu.

Kikombe cha dari kilipotoka, picha ikawa wazi. Zege la ghorofa lilikuwa sentimita 25 juu ya jipsam. Bati la kushikia taa lilikuwa limefungwa kwa skrubu 4 kwenye chaneli mbili za bati jembamba, zile zile zinazoshikilia bodi za jipsam, na chaneli zenyewe zimening'inizwa kwenye zege kwa waya. Ndoano ya shandelia ilitoka kwenye bati hilo. Maana yake kilo 31 zilikuwa zimekaa kwenye dari ya urembo. Chaneli za namna hiyo huwekwa kwa ajili ya bodi na taa ndogo za kuchomeka. Hazikukatika, zilipinda taratibu, ile ya upande wa dirisha zaidi ya mwenzake. Bati lilikuwa limeshuka karibu sentimita 1.5. Hapo ndipo ufa ulipotoka, na hapo ndipo taa ilipopata kuinama.

Sasa angalia waya. Waya wa nyumba ulitoka kwenye bomba lililomo ndani ya zege, ukaungwa na waya wa shandelia kwa konekta ya plastiki juu ya jipsam. Fundi wa kwanza alikuwa ameukata waya wa shandelia kwa urefu wa kutosha siku ile tu, bila kulegeza. Bati liliposhuka, mnyororo ukashuka nalo, lakini waya ukabaki umeshikwa juu na konekta na chini na shandelia. Ukakaza. Kuanzia hapo sehemu ya uzito ilikuwa inabebwa na skrubu mbili ndogo za konekta. Mlango wa ghorofani ukibamizwa, zege linatikisika, chaneli zinacheza, waya unavutwa kidogo, ncha ya shaba inasogea chini ya skrubu, na taa inapepesa. Plastiki ya konekta ilikuwa imeshageuka rangi ya kahawia upande mmoja. Muungo uliolegea hupata joto, joto huulegeza zaidi, na mbele ya safari hiyo ni moto juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayeuona mapema.

Ndiyo maana nasema kubadilisha waya peke yake kusingesaidia. Ungefungwa waya mpya, taa ingepepesa tena baada ya muda.

Balbu 3 zilizozima nazo zilikuwa na uhusiano na uzito, ingawa kwa njia ndefu kidogo. Mikono ya shandelia hii huingia kwenye kitovu cha chuma kwa nyuzi za skrubu, kisha kila mmoja hukazwa kwa nati ndani ya kitovu. Nati za upande wa dirisha zilikuwa zimekazwa kwa vidole tu. Taa ilipoinama, mikono mitatu ikajizungusha ndani ya matundu yake, na waya zilizomo ndani zikajisokota pamoja nayo. Kwenye kitovu, nyutro (waya za kurudisha umeme) za mikono hiyo zilikuwa zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu tu. Msokoto ulivuta, tepu ikaachia, muungo ukafunguka. Ganda la waya mmoja lilikuwa limeshaanza kukatwa na ukingo wa tundu.

Hapo ndipo waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, unapohitajika. Siku ganda lile lingekatika, fremu nzima ya chuma ingekuwa na umeme. Lakini waya wa kijani na njano wa shandelia ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya kikombe, bila kuunganishwa popote. Ethi ilikuwepo kwenye bomba la zege, imefungwa tepu, inasubiri. Katika kazi yote ya fundi aliyetangulia, hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu mtu wa kwanza kuigusa fremu ile angekuwa yule anayefuta kristali, amesimama kwenye ngazi, na kitambaa chenye maji mkononi.

Mwanga hafifu wa usiku haukutokana na uzito. Huo ulikuwa ugonjwa wa siku nyingi wa nyumba. Swichi ya ukutani ilikuwa inakata nyutro badala ya waya wa moto, ule unaoleta umeme. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini waya wa moto unabaki umefika mpaka kwenye holda. Balbu za zamani za uzi zisingeonyesha chochote. Balbu za LED zinahitaji umeme kidogo mno, hata ule unaovuja kati ya waya na waya unatosha kuziwasha kwa unyonge. Mwanga wa namna hiyo unaweza pia kutokana na swichi yenye kitaa cha ndani, au waya mrefu uliolala sambamba na waya wenye umeme, kwa hiyo usihukumu kwa kuangalia tu. Jaribu kwa testa: swichi imezimwa, holda bado ina moto? Hapa ilikuwa nao. Anayebadilisha balbu akiamini amezima taa anaingiza vidole kwenye umeme. Tulipofungua swichi nyingine za mzunguko ule ule tulikuta nazo zimefungwa hivyo hivyo, na zote zilirekebishwa.

Kuupa uzito njia yake

Kazi ya kutengeneza ilianzia kwenye zege. Kwanza tulitoboa tundu dogo la majaribio, kwa sababu slabu nyingine zina matofali matupu ndani, na bolti ya kupanuka ikiangukia kwenye uwazi haishiki kitu. Vumbi lilitoka la kijivu, sawasawa, drili haikuzama ghafla. Zege zima. Tukafunga bolti ya chuma ya kupanuka ya milimita 10. Plagi za plastiki hazifai kabisa kwa kazi hii. Hizo hushika kwa msuguano, na mzigo unaovuta kwenda chini mchana na usiku huzitoa polepole. Zikipata joto hulainika.

Kutoka kwenye bolti tulishusha fimbo ya chuma yenye nyuzi mpaka chini kidogo ya jipsam, ikapita kwenye tundu kubwa kuliko unene wake ili isiiguse bodi. Juu na chini tuliweka nati mbili mbili, moja ikiifunga nyenzake isijifungue kwa mtikisiko. Ndoano iliyofungika ilikaa mwishoni. Jipsam haikubeba chochote tena, na kikombe kiliegeshwa tu chini yake kuficha tundu.

Nyumba yenye kenchi za mbao ingetaka njia nyingine: kipande cha mbao nene kinachopita juu ya boriti mbili na kukaa juu yake, na bolti inayopenya mbao hiyo kutoka juu, ikiwa na washa pana. Skrubu iliyopigwa kutoka chini inategemea nyuzi zake tu. Bolti iliyopenya inategemea mbao nzima. Ndoano ya feni ya zamani nayo watu huiamini mno. Inaweza kufaa, lakini mpaka ujue imeshikwa na nini. Hata kisanduku cha umeme cha darini kina mpaka wake: kanuni za Marekani huruhusu kisanduku cha kawaida cha taa kubeba hadi pauni 50, karibu kilo 23, na zaidi ya hapo taa ishikwe na kitu kingine, isipokuwa kisanduku kiwe kimethibitishwa kwa uzito mkubwa zaidi.

Halafu tukajaribu. Kiwango cha kimataifa cha taa, IEC 60598-1, hutaka viungo vya kuning'inizia vijaribiwe kwa mzigo wa mara 4 ya uzito wa taa kwa saa 1. Hicho ni kipimo cha kiwandani, ila nami hukitumia kwenye ndoano kwa sababu ni rahisi kukitekeleza. Kilo 31 mara 4 ni 124. Tulifunga ubao kwa kamba kutoka kwenye ndoano, ukaning'inia sentimita 10 tu kutoka sakafuni, tukapanga juu yake ndoo 6 za maji za lita 20. Maji peke yake ni kilo 120. Ndoo, ubao na kamba vilimalizia. Kama ndoano ingetoka, mzigo ungeanguka kimo cha kiganja. Tuliweka alama ya penseli kwenye fimbo, usawa wa jipsam, na saa ilipokwisha alama ilikuwa palepale. Mume wa mwenye nyumba alikaa kuiangalia alama hiyo muda wote. Nadhani ndipo alipoanza kuiamini taa.

Mnyororo nao ulikaguliwa pete kwa pete. Minyororo ya shandelia mara nyingi haijachomelewa. Pete ni chuma kilichokunjwa tu. Pete moja iliyowahi kufunguliwa ili kufupisha mnyororo ilikuwa imebaki na mwanya unaopitisha ukucha. Tuliifunga kwa koleo mbili mpaka ncha zikagusana. Pete hufunguliwa na kufungwa kwa kusokota ncha kwenda pembeni, moja mbele nyingine nyuma. Ukizivuta kwa kuzitanua, umbo linaharibika na haitafunga tena vizuri. Vivyo hivyo kwa vile vipete vidogo vya kristali.

Kimo tulikipanga kwa meza. Kati ya uso wa meza na ncha ya chini ya taa, sentimita 75 hadi 90 zinatosha: watu wanaonana, mwanga unafika. Mahali pa kupita watu bila meza, pasipungue mita 2.1. Waya mpya tuliupitisha kati ya pete, kila baada ya pete mbili, ukiwa mrefu kuliko mnyororo, na juu ukaachiwa kitanzi ndani ya kikombe. Ukiushika kwa vidole viwili popote kwenye mnyororo, unacheza. Hicho ndicho kipimo.

Kuunganisha fremu upya

Fremu hatukuilaza sakafuni. Ikilazwa, mikono ya chini inabeba mwili na kupinda. Tuliitundika kwenye bomba la chuma lililolazwa juu ya ngazi mbili, kimo cha kifua, kila mtu akifanya kazi amesimama. Mikono iliingizwa kwa jozi zinazotazamana: mmoja huku, mwenzake upande wa pili, ili kitovu kisivutwe upande mmoja. Nati zilikazwa kwa spana, lakini tukiushika mkono usizunguke, maana ukizunguka ndani ya kitovu waya zinajisokota tena.

Kwenye kitovu kuna waya za mikono 12 katika nafasi ndogo. Ukizikusanya nyutro zote 12 kwenye muungo mmoja, unapata fundo lisilofunga. Tulizigawa makundi ya nne nne, kila kundi kwenye konekta ya kubana, kisha makundi yakaunganishwa kwa waya mfupi kwenda kwenye waya mkuu. Waya wa moto ulikwenda kwenye ncha ya kati ya holda, nyutro kwenye ganda lenye nyuzi, kwa sababu ganda ndilo linaloguswa kirahisi wakati wa kubadilisha balbu. Rangi za kimataifa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi, lakini nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, na Marekani nyeusi ni moto na nyeupe ni nyutro. Rangi ni dokezo. Mita ndiyo inayothibitisha. Mwisho tulipima kwa mita kati ya waya wa ethi na kila mkono, mmoja mmoja. Yote ilisoma chini ya ohimu 1, yaani njia ya ethi ilikuwa wazi. Mkono mmoja ulikataa mwanzoni, tukakuta rangi ya kiwandani imezuia chuma kugusana na chuma; tuliikwangua kidogo chini ya nati, pasipoonekana, ukasoma.

Taa iliwashwa ikiwa tupu, kwenye ngazi zile zile, kabla ya kupanda. Kasoro ikiwepo ni heri ionekane hapo. Sheria za nchi nyingi humtaka fundi mwenye leseni kwa maungio haya, na hata pasipo sheria, mwenye nyumba anayeijenga shandelia yake mwenyewe anaweza kufanya yote isipokuwa haya, kisha akamwita mtu aunganishe.

Kuivalisha

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na inastahili haraka ndogo kuliko zote.

Kristali zilioshwa kwanza. Sehemu ya malalamiko ya mama mwenye nyumba, aliyoisema kwa aibu kidogo, ni kwamba taa haikung'aa kama alivyoiona ikiuzwa. Zilikuwa zimeshikwa kwa mikono mitupu tangu siku ya kwanza, na kila moja ilikuwa na alama za vidole. Mafuta ya ngozi hutengeneza utando unaotawanya mwanga kabla haujaingia kwenye kioo. Beseni lilitandikwa taulo ndani ili kristali isigonge plastiki au mwenzake, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kuanzia hapo ni glavu za pamba mpaka mwisho.

Zilipangwa juu ya shuka kwa aina na ukubwa, zikahesabiwa kwa karatasi iliyokuja na katoni. Kristali mbili zilikuwa na ukingo uliomeguka. Zilikwenda upande wa ndani, juu, ambako hazionekani. Fremu ilikuwa imeshapanda na kutundikwa. Tulianza juu na ndani tukatoka nje na chini: minyororo ya pembe nane kutoka kwenye taji, kisha matone ya mikono ya juu, kisha ya chini, mpira mwisho. Na kila kilichofungwa upande huu kilifuatwa na mwenzake wa upande wa pili. Fundi wa kwanza alizunguka duara, akimaliza mkono mmoja kabla ya kwenda mwingine, na kwa nusu ya kazi upande mmoja ulikuwa na kilo kadhaa zaidi. Fremu iliyofungwa kwa vidole hupata mwinamo wake wa kwanza hapo.

Kristali nyingi za pembe nane zina uso uliochongwa na mgongo bapa. Uso utazame nje. Minyororo kadhaa ilikuwa imejigeuza katikati, na inatosha kipete kimoja kufungwa kinyume ili zote zilizo chini yake zitazame ndani.

Balbu ndizo zilizomaliza tofauti. Mama mwenye nyumba alikuwa ametumia LED za kioo cha maziwa, ambazo ni nzuri mahali pengine. Kristali hung'aa kwa kuukata mwanga unaotoka mahali padogo: kila uso mdogo uliochongwa huupinda mwanga na kuutenganisha rangi zake. Mwanga ukitoka kwenye balbu nzima iliyotiwa ukungu, unaingia kila uso kwa wakati mmoja na miale inachanganyikana. Tuliweka LED za umbo la mshumaa, kioo angavu, zenye nyuzi zinazoonekana, za kelvini 2,700 (mwanga wa manjano), wati 4.5 kila moja. Jumla ni wati 54, ilhali balbu za zamani za wati 40 ambazo holda hizo ziliruhusu zingekuwa 480, pamoja na joto lake lote chini ya dari.

Aliuliza kuhusu swichi ya kupunguza mwanga. Inawezekana, ila balbu ziandikwe kuwa zinakubali kupunguzwa, na swichi iwe ya LED. Swichi za zamani nyingi zinahitaji mzigo wa chini wa wati 40 au 60 ili zifanye kazi, na wati 54 zinaweza kuangukia chini ya hapo, taa ikaanza kupepesa tena kwa sababu isiyo na uhusiano na ile ya mwanzo. Aliamua kusubiri.

Fundi rangi aliziba ufa baadaye. Kwa usafi tuliandikiana hivi: kufuta vumbi kwa glavu za pamba, moja kavu na moja iliyonyevushwa kidogo, swichi kuu ikiwa imezimwa, bila kuizungusha taa kwenye mnyororo wake, na kutopuliza dawa ya vioo juu ya taa, kwa sababu majimaji hushuka mpaka kwenye holda. Uzito wa kilo 31 na aina ya bolti vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa boksi la swichi kuu, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yetu.